Tochi ya Mjomba Maige

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijagusa mabati ya Nyahanga, Limi alikuwa ameshakwenda kisimani mara mbili. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita, na tangu mama yake ajifungue wiki tatu zilizopita, kazi za nyumbani zilikuwa zimemwangukia yeye. Aliteka maji, akafagia uwanja, akafua nepi za mtoto na kuzianika kambani, akamkorogea mama uji, ndipo akavaa sare na kukimbilia shuleni. Baba yake hakuwepo. Alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na barua yake ya mwisho ilisema angerudi Krismasi.

Mtoto mchanga alikuwa wa kiume, na aliitwa Maige. Mtaa mzima ulijua kwa nini alipewa jina hilo. Uchungu ulimshika Mama Limi usiku, mvua inanyesha, na hakuna gari lililopatikana. Kaka yake, Mjomba Maige, alimpakia nyuma ya baiskeli, akamfunga kwake kwa kitenge asidondoke, akaiendesha baiskeli hiyo kwenye tope hadi hospitali. Tochi yake ilikuwa imechakaa. Aliibana kwa meno ili mikono ishike usukani, na kila ilipozimika alisimama, akaigonga gotini hadi ikawaka tena. Mara mbili nusura waingie mtaroni. Walipofika, mganga aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, mama na mtoto wote wawili wangepotea.

Mjomba Maige alikuwa mrina asali. Kila msimu aliingia misitu ya magharibi mwa Kahama, akakaa huko wiki nne au tano katika dago, yaani kibanda cha muda kilichojengwa kwa miti na nyasi. Alijua kila mti aliotundikia mzinga. Mara nyingi alirina jua linapozama, kwa sababu nyuki hutulia giza linapoingia, kisha akarudi dagoni kwa miguu. Kwa mtu kama huyo tochi si pambo. Ni jicho.

Siku ya Alhamisi, Limi aliporudi kutoka shuleni, mama yake alimwita ndani. Alifungua fundo la kanga, akatoa pesa alizopata kwa kuuza mbuzi wake.

"Mjomba wako anaondoka Jumamosi," alisema. "Sitaki aende porini na ile tochi yake ya kugonga gonga. Mimi arobaini yangu haijaisha, siwezi kufika mjini. Nenda wewe dukani kwa Mama Hiral. Usinunue kwa wale wanaopanga vitu chini pale stendi. Mwambie ni ya mtu anayelala porini, achague pamoja nawe."

"Sawa, mama."

"Na Limi, ukitoka pale njoo moja kwa moja nyumbani."

Miaka ile wachimbaji walikuwa wakipita Kahama kwa mamia, na kila mmoja alihitaji tochi ya kushukia shimoni. Kwa hiyo mjini tochi zilizagaa kama mahindi wakati wa mavuno. Pale stendi zilipangwa kwenye maturubai, nyekundu, kijani na za rangi ya dhahabu, nyingine zina redio ndogo ubavuni. Limi alipunguza mwendo akazitazama. Kisha alikumbuka maneno ya mama, akaendelea mbele.

Duka la Mama Hiral lilikuwa na kila kitu, kuanzia vitambaa na sufuria hadi minyororo ya baiskeli. Jina lake hasa lilikuwa Lataben, lakini watu walimwita kwa jina la binti yake. Alizaliwa hapo hapo mjini, na mume wake Deepak alipokwenda Mwanza kufuata bidhaa, yeye ndiye aliyesimamia duka.

"Shikamoo, Mama Hiral."

"Marahaba, Limi. Mama hajambo? Na mtoto ananyonya vizuri?"

"Hajambo. Ananyonya. Mama amenituma tochi. Ni zawadi ya mjomba wangu anayerina asali."

Mama Hiral hakuinua mkono kwenye rafu mara moja. Aliuliza kwanza. Mjomba analala porini siku ngapi? Anapanda miti? Anatembea kwenye mvua? Limi alipojibu yote, alishusha tochi tatu na kuziweka kwenye meza ya duka.

"Chukua hii utikise."

Limi aliitikisa. Ndani kulilia kama njuga.

"Betri zinacheza. Akitembea nayo itazimika na kuwaka, kuzimika na kuwaka. Weka pembeni." Aliichukua ya pili, akaibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, na bati lake likabonyea. "Hii ni nyepesi. Ikianguka kutoka juu ya mti, kwisha. Sasa shika ya tatu."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina urembo wowote, na ilijaa mkononi. Mama Hiral alifungua kichwa chake taratibu, akamwonyesha hesi, ile mikato ya kukazia, zilizokatwa vizuri, na baina ya kichwa na kiwiliwili, pete nyembamba nyeusi ya mpira.

"Unaiona pete hii? Watu wanatazama kioo, hawaitazami hii. Hii ndiyo inayozuia maji. Bila pete, mvua ya siku moja inaingia ndani, betri zinaota kutu, tochi inakufa." Alifungua na kifuniko cha chini. Ndani yake, nyuma ya springi, kulikuwa na glopu ndogo ya akiba iliyozungushiwa pamba. "Na hii ni kwa siku ile glopu ya kwanza itakapoungua, naye yuko mbali na duka."

Aliitia betri mbili mpya, akampeleka Limi kwenye stoo ya nyuma isiyokuwa na dirisha. Mwanga ulipiga ukuta wa mbali, mviringo, mweupe, usio na doa la giza katikati. Limi alitabasamu. Alijisikia kama mtu aliyefundishwa siri.

"Umechagua vizuri," Mama Hiral alisema akiifunga tochi kwenye karatasi ya kaki. "Usiichezee njiani."

Njiani alikutana na Bhoke, rafiki yake wa dawati moja, ambaye baba yake alikuwa askari aliyehamishiwa Kahama kutoka Tarime. Bhoke alitaka kujua kilichomo kwenye karatasi, na Limi, ambaye bado alikuwa na fahari ya lile somo la dukani, hakuweza kujizuia. Alimtikisia tochi asikie kimya chake. Alimfungulia kichwa amwonyeshe pete.

"Lakini juani hivi inaonekana haiwaki," Bhoke alisema.

"Inawaka mpaka ukuta wa mbali. Twende kwenye kalavati nikuonyeshe."

Kalavati lilikuwa kubwa, limepita chini ya barabara, na katikati yake kulikuwa na giza hata saa tisa mchana. Maji ya mvua ya juzi yalikuwa yakipita chini, yamefika kwenye vifundo vya miguu. Waliinama, wakaingia. Limi aliwasha, na popo wawili waliokuwa wamening'inia juu wakaruka usoni pake. Alijikinga kwa mikono yote miwili.

Tochi iligonga zege, ikadunda, ikaanguka kwenye maji. Kichwa chake, ambacho Limi hakukikaza vizuri baada ya kumwonyesha Bhoke, kilichomoka.

Walipapasa kwenye tope. Walipata kiwiliwili, wakapata kichwa, wakapata betri zote mbili. Pete ya mpira hawakuipata. Maji yalikuwa yameshaichukua. Limi alifungua kifuniko cha chini, akakuta glopu ya akiba imekuwa vipande ndani ya pamba yake.

Walitoka nje, wakaifuta kwa sketi, wakapuliza mchanga ulioingia kwenye hesi. Limi alikikaza kichwa kwa nguvu zake zote, lakini hakikukaa kama mwanzo. Palibaki mwanya mwembamba kama ukucha. Alibonyeza swichi. Ikawaka.

"Turudi kwa Mama Hiral," Bhoke alisema. "Tumweleze. Labda ana mpira mwingine."

"Atamwambia mama."

"Si bora aambiwe?"

"Mama alisema nisipitie popote." Limi aliitazama tochi. Kwa mtu asiyejua, ilikuwa mpya kabisa. "Inawaka, Bhoke. Usimwambie mtu."

Bhoke alisimama na sketi yake yenye matope, akamtazama mwenzake akiikunja upya ile karatasi ya kaki, akifuata mikunjo yake ya kwanza mmoja mmoja.

Ijumaa jioni Mjomba Maige alikuja kuaga. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye makovu madogo ya nyuki shingoni, asiyependa maneno mengi. Mama Limi alimpa tochi kwa mikono miwili, na mjomba akaipokea kwa mikono miwili. Alifungua karatasi polepole, akaipima uzito, akawasha, akamulika paa.

"Wabeja, dada," alisema, akimshukuru kwa Kisukuma kama alivyofanya kila neno lilipomtoka moyoni. "Tangu niingie porini sijawahi kuwa na kitu kama hiki."

"Mshukuru na mpwa wako. Ndiye aliyeichagua. Aliniambia habari zake zote, mpira wake, glopu yake ya akiba. Nilicheka mwenyewe."

Mjomba alimgeukia Limi. "Kumbe umekuwa fundi, mama."

Limi aliinamisha kichwa, na wote wakadhani anaona haya.

Kisha mjomba alitoa ile tochi yake ya zamani mfukoni. Alisema hana haja ya kubeba mbili, na bibi Klara, jirani yao, huwa anatoka nje gizani kwa kupapasa. Angempa yeye. Limi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kooni, yalikuwa mafupi, hayakuzidi matano. Lakini mama alikuwa anatabasamu, mtoto alikuwa ananyonya, na mjomba alikuwa ameshasimama kuelekea kwa bibi Klara. Alifunga mdomo.

Jumamosi alfajiri mjomba aliondoka na baiskeli yake, kwenda peke yake. Mwenzake wa kila msimu, Sostenes, alibaki kupanda mahindi na alipanga kumfuata baada ya siku tisa, siku ya Jumatatu, na unga na chumvi.

Usiku wa Jumamosi hiyo hiyo mvua ilinyesha. Ilinyesha Jumapili. Mwaka ule wa tisini na saba mvua hazikujua kupumzika, na mabati ya nyumba yao yalipiga kelele hata mama akalazimika kupaza sauti ili asikike. Limi alilala macho, akihesabu kwa akili mahali maji yanapoingia: chini ya kichwa, kwenye ule mwanya, kwenye hesi, hadi kwenye betri. Jumatatu shuleni alikosea hesabu ambazo darasa zima lilipata. Jumanne asubuhi jirani alikuja kumwona mtoto, na mama akasimulia tena habari za tochi, jinsi Limi alivyoichagua kama mtu mzima. Limi aliweka kikombe chake cha uji chini, akatoka nje.

Alimkuta Bhoke kwenye mti wa kengele shuleni.

"Unaumwa?" Bhoke aliuliza.

"Hapana."

"Mimi silali," alisema Bhoke. "Jana nilitaka kumwambia baba. Halafu nikaona si langu kusema. Ni lako."

Mchana huo Limi hakungoja mchaka mchaka wa jioni. Aliomba ruhusa kwa mwalimu, akaenda nyumbani akitembea haraka, kisha akikimbia. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka akimpaka mtoto mafuta.

"Mama, ile tochi niliiangusha."

Mama aliinua uso.

Limi alieleza yote. Alieleza kalavati, popo, pete iliyochukuliwa na maji, glopu iliyovunjika, na jinsi alivyoikunja karatasi. Alipofika kwenye bibi Klara sauti ilimkatika, lakini akaendelea hadi mwisho. Mama hakumkatiza. Alimfunika mtoto, akamlaza pembeni.

"Angekuwa na ile ya zamani," mama alisema taratibu, "angeigonga ingewaka. Anaijua." Alisimama. "Leo sina nafasi ya kukugombeza. Hilo lina siku yake. Nenda kwa Mama Hiral, umweleze. Ukitoka hapo tunakwenda kwa Sostenes."

"Utaniombea msamaha kwa—"

"Sikuombei. Utasema wewe, kwa kinywa chako, kwa kila mtu."

Mama Hiral alimsikiliza akiwa amekunja mikono juu ya meza ya duka. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimwumiza Limi zaidi.

"Ungekuja Alhamisi ile ile," alisema, "ningekutolea mpira kwenye tochi mbovu, tukamaliza kwa dakika tano."

Aliingia nyuma ya duka, akatoka na tochi yake ya nyumbani, ile anayotumia umeme ukikatika. Ilikuwa na pete yake, glopu yake ya akiba na betri mpya. "Mpelekee. Yeye akirudi salama, nami itanirudia. Kimbia."

Sostenes alikuwa shambani, magoti yamejaa udongo. Mama Limi, ambaye hakuwa amevuka uwanja wake tangu atoke hospitali, alisimama ukingoni mwa shamba na mtoto mgongoni, akamwachia Limi aongee. Sostenes alisikiliza huku anaendelea kufukia mbegu. Alipopata picha nzima, aliacha.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Alimpa bibi Klara."

"Kwa hiyo hana nyingine." Alitazama mbingu, kisha mistari ya shamba ambayo bado haijapandwa. "Nilisema Jumatatu kwa sababu udongo huu hautaningoja. Lakini kule upande wa bonde watafuta dhahabu walichimba mashimo mwaka jana, wakayaacha wazi. Nyasi zimeyafunika. Mchana unayaona. Jioni bila taa huyaoni."

Alikung'uta mikono. Jumatano kabla ya mapambazuko alikuwa njiani, na tochi ya Mama Hiral imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kifuani pake.

Siku zilizofuata Limi aliteka maji, akafua nepi, akakoroga uji, lakini alifanya kila kitu kama mtu aliyeazimwa mikono. Mama alizungumza naye kwa maneno machache ya lazima. Alhamisi haikuja habari yoyote. Ijumaa alasiri trekta la kubebea magogo lilisimama mbele ya hospitali ya wilaya, na Sostenes akashuka kutoka kwenye tela, mchafu, macho mekundu. Nyuma yake walimshusha Mjomba Maige juu ya machela ya fito, mguu wake wa kulia umefungwa kwa magome ya mti na kamba.

Habari zilikuwa hivi. Jumatatu jioni mjomba alikuwa akirudi kutoka kwenye mizinga ya mbali. Mvua ilimkuta njiani, na tochi ikafifia, ikawa kama kaa la moto, ikazimika. Aliigonga. Aliifungua, akamwaga maji yaliyokuwa ndani. Alitafuta glopu ya akiba, akapata vipande vya kioo. Akaamua kutembea kwa kukumbuka njia, na hatua chache mbele ardhi ikaisha chini yake. Aliangukia kwenye shimo lililoachwa na watafuta dhahabu, mguu ukavunjika chini ya goti. Alikaa humo siku mbili, akinywa maji ya mvua yaliyotuama, akiita hadi sauti ikakauka.

Sostenes alifika dagoni Jumatano jua likizama. Alikuta majivu ya baridi na sufuria iliyojaa maji ya mvua, akajua kuna jambo. Alianza kumtafuta hapo hapo. Mjomba hakuweza tena kuita, lakini aliuona mwanga ukipita juu ya nyasi, akagonga kisu chake kwenye jiwe hadi Sostenes akasikia.

"Ningefika Jumatatu," Sostenes alimwambia Mama Limi kwenye korido ya hospitali, akiwa ameshusha sauti, "ningefika kwenye msiba."

Limi alisikia. Hakuna aliyehitaji kumweleza lolote zaidi.

Jumapili waliruhusiwa kumwona. Mjomba alikuwa amelala kwenye kitanda cha pembeni, mguu umetiwa plasta hadi pajani, mashavu yameingia ndani. Mama alitangulia kumsalimu, kisha akasogea nyuma, akamwacha Limi mbele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Mimi ndiye niliyeiharibu tochi. Niliiangusha kalavatini. Nilijua pete haipo, nilijua glopu imevunjika. Nikaikunja tena kwenye karatasi. Ulipompa bibi Klara ile nyingine nilitaka kusema, sikusema."

"Sostenes ameniambia."

"Nimekuja kusema mwenyewe."

Mjomba alimtazama. Hakutabasamu, wala hakukunja uso.

"Kuangusha kitu ni jambo la kila siku," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi nimeangusha mizinga mizima. Hilo sina neno nalo. Lakini nisikilize, Limi. Porini naweza kuishi na kitu kibovu nikijua ni kibovu. Kamba ikiwa imelika, siipandii. Tochi ikiwa mbovu, narudi dagoni mapema. Wewe hukuninyima tochi. Ulininyima kujua. Ulinifanya niliamini giza."

Limi alilia kimya kimya. Mjomba alimwacha alie, hakumharakisha. Alipotulia, mjomba alinyoosha mkono kwenye kabati dogo la kitandani, akachukua karatasi.

"Muuguzi Scolastika ameniandikia maagizo. Macho yangu na maandishi hayapatani. Nisomee."

Limi aliishika. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, mwandiko wa mviringo. Alisoma kwa sauti: mgonjwa asikanyage kwa mguu wa kulia kwa miezi mitatu, ale maharage, dagaa na maziwa, plasta isiingie maji, arudi kliniki baada ya wiki sita. Kisha macho yake yakafika mstari wa mwisho, akanyamaza.

"Imeisha?" mjomba aliuliza.

Mama alikuwa nyuma yake, hakuiona karatasi. Sostenes alikuwa nje. Hakuna mtu mle wodini ambaye angejua. Limi alimtazama mjomba wake, yale makovu ya nyuki shingoni, mikono iliyopanda miti tangu utoto.

"Bado, mjomba," alisema. "Kuna mstari mmoja. Umeandikwa hivi: mguu huu unaweza kubaki mfupi kidogo kuliko mwingine. Mgonjwa asipande miti tena."

Mjomba Maige aligeuza uso kuelekea dirishani. Nje mvua ilikuwa imekatika na mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa kuni kwenye madimbwi. Mama Limi alijifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Basi," mjomba alisema mwishowe. "Sostenes atapanda. Mimi nitakaa chini, nipokee ndoo, nichuje asali. Na mizinga mingine tutaishusha, tuiweke kwenye vichanja vya chini. Nimewahi kuona watu wakifanya hivyo." Alimgeukia Limi, akaichukua karatasi mkononi mwake, akaikunja. "Neno lile lilikuwa gumu, nikaona umekaribia kuliruka. Hukuliruka. Sasa ninajua pa kuweka mguu. Ukweli kazi yake ni hiyo, mama. Haukupi raha kila mara. Unakuonyesha shimo lilipo, kabla hujalifikia. Mtu anayekupenda hakufichi shimo."

"Nimesikia, mjomba."

"Usikie na ukumbuke. Sasa nipe maji, koo limekauka."

Limi alimimina maji kwenye kikombe cha bati, akamwinua kichwa kidogo, akamnywesha polepole hadi alipotosheka.